Shajara ya mashimo ya lami Tabata: njia sita, msimu mmoja wa masika

3 Februari 2024: hali ilivyo kabla hatujagusa kitu

Naanza kuandika hii shajara kwa ajili ya mitaa mingine, maana Dar kila kona watu wanachangishana hela, wanamwaga kifusi kwenye shimo, mvua inakuja inakibeba chote na mwaka unaofuata michango inaanza upya. Sisi huku Tabata mwaka huu tumeamua kulinganisha njia, kila shimo lipate njia yake alafu masika ndio iamue.

Barabara yetu ni fupi, lami ina unene wa kama sentimita 5 juu ya msingi wa kokoto zilizoshindiliwa. Mashimo makubwa tumeyapa herufi A mpaka G kwa rangi ya kupuliza pembeni ya barabara. Mengi yana ukubwa wa sentimita 60 kwa 80 hivi na kina cha 7, yaani lami yote imeisha na msingi nao umeshachimbika sentimita mbili. G ndio baba lao, kina kinafika 15. D liko pembeni kabisa karibu na mtaro, na F liko kwenye kona ambapo bajaji zinakata kuingia sokoni.

Kwa wasiojua shimo linatoka wapi: lami inaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya mamba, maji yanaingia kwenye zile nyufa, msingi unalainika, alafu kila tairi ikipita inayakandamiza yale maji na yakitoka yanatoka na vumbi la msingi. Chini kunakua tupu, juu lami inakatika vipande, basi shimo limezaliwa. Kwahiyo adui wa kwanza ni maji, malori yanakuja baadae.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, ukitaka kuiga usiingie barabarani na sululu bila kibali. Barua yetu ilipitia serikali ya mtaa, tukaeleza tunaziba wapi na kwa vifaa gani. Ombeni pia kuonyeshwa mabomba ya maji yanapita wapi. Hiyo ya mabomba msiipuuze, mtaona mbele.

10 Februari: tumechagua njia zipi na kwa nini

Kabla ya kununua kitu nilirudia kusoma matokeo ya SHRP, mradi wa utafiti wa barabara uliofanyika Marekani na Kanada. Kati ya 1991 na 1992 walitengeneza viraka kama 1,250 kwenye maeneo manane yenye hali ya hewa tofauti alafu wakavifuatilia kwa miaka. Kilichonigusa ni kwamba ile njia ya haraka, ya kumwaga lami baridi (imeshachanganywa na kokoto, haihitaji moto) kwenye shimo na kuikanyaga kwa tairi la lori, ilidumu karibu sawa na njia ya kukata mraba na kusafisha, ilimradi lami yenyewe iwe ya ubora mzuri. Na wakaonyesha kwamba kununua lami ya bei chee ni hasara, kwasababu gharama kubwa ni ya watu na gari kurudi kuziba tena palepale.

Lakini wao walikua na baridi na barafu, sisi tuna joto, mvua za ghafla na mitaro iliyojaa mchanga, sasa nilitaka kuona kwetu inakuaje. Mgawanyo ni huu: G kifusi kama tulivyozoea, A zege, B lami baridi ya mfuko kwa njia ya kumwaga na kukanyaga, C lami baridi hiyohiyo ila tukate mraba kwanza, D na E lami tutakayochanganya wenyewe kwa emalsheni (lami iliyochanganywa na maji), F lami ya moto kutoka kiwandani. Kuna njia nyingine ya mashine inayopuliza shimo kwa upepo, inarusha lami na kokoto kwa bomba moja, SHRP waliisifia sana ila mashine yake sio ya mtaa kuchangishana.

17 Februari: kifusi na zege

G halina maelezo mengi, kirikuu moja ya kifusi, vijana wakasambaza na kushindilia, elfu 35 na usafiri wake.

Zege la A vifaa vyake ni rahisi mno. Ujazo wa shimo ni kama lita 34 tu, kwahiyo simenti haifiki hata robo ya mfuko, na mfuko tumenunua elfu 16. Pamoja na mchanga na kokoto haikuzidi elfu 10. Ukiangalia bei ya siku hiyo tu utasema zege ndio jibu la kila kitu.

Shida ni kulilinda likaze. Zege linahitaji walau wiki moja la kumwagiwa maji na bila kukanyagwa na gari, na barabara ni nyembamba hakuna pa kupitisha magari. Tuliweka mawe na matawi, usiku mtu akasogeza akapita, asubuhi kukawa na alama ya tairi upande mmoja. Tukalichimbua tukamwaga upya, safari hii tukaweka pipa lililojaa mchanga na kijana wa kulinda usiku. Posho ya mlinzi imezidi bei ya zege lenyewe mara kadhaa.

24 Februari: lami baridi ya mfuko, B na C

Mfuko wa kilo 25 tumenunua elfu 30. Hesabu yake ni hivi, lami iliyoshindiliwa vizuri lita moja ina kilo 2.2 hivi, kwahiyo shimo la lita 34 linakula kilo 75, mifuko mitatu. Elfu 90 kwa shimo moja, na hapo hujalipa mtu.

B tulifagia tu maji na takataka zilizolegea, tukamwaga, alafu fuso ya jirani ikakanyaga kwa tairi la nyuma, mbele na nyuma karibu mara nane. Muda wote haujafika nusu saa. Kiraka lazima kibaki kimeinuka kidogo juu ya barabara, milimita 3 mpaka 6, kwasababu magari yataendelea kukishindilia. Ukikisawazisha kabisa siku ya kwanza, mwezi unaofuata una bakuli linalokusanya maji.

C ndio ilitutoa jasho. Tulichora mraba kwa chaki, sentimita 10 nje ya mwisho wa ufa unaoonekana, maana ukikata palepale kwenye ukingo wa shimo unakua umeacha lami iliyokwisha kufa. Grainda na diski ya zege ilianza vizuri ila lami ikipata moto inanata kwenye diski na kasi inapungua, ikabidi kijana amwage maji kidogo kidogo kwa kopo, na hapo waya wa umeme umetoka nyumba ya jirani, kwahiyo tulimweka mtu wa kazi moja tu, kuangalia waya usiguse maji. Baadae tukaona njia salama zaidi ni kukata na diski kina cha sentimita mbili tu bila maji, kidogo kidogo ukipumzisha diski, alafu kumalizia kwa tindo na nyundo. Kuta zikatoka zimesimama wima, na hicho ndicho unachotaka, sio kuta zilizolala kama za bakuli.

Tukafagia, tukapuliza vumbi, tukapaka emalsheni kwenye kuta na chini kwa brashi. Ikipakwa inakua ya kahawia, ukisubiri inageuka nyeusi, na usijaze lami kabla haijageuka, kwasababu kahawia maana yake maji bado yamo. Alafu tukajaza kwa tabaka mbili, kila tabaka ikashindiliwa na mashine ya sahani tuliyokodi elfu 70 kwa siku.

Tatizo lililojitokeza siku hiyohiyo mchana: jua likawaka, lami ya juu ikalainika na tairi nyembamba za bajaji zikaanza kuinyofoa. Dada mmoja anauza samaki hapo pembeni akatuita, "Jamani njooni, lami yenu inaondoka na bajaji!" Dawa yake ni vumbi la kokoto, unalitandaza juu mpaka weusi usionekane, tairi hazibebi tena kitu. Sasa tunamwaga vumbi kwenye kila kiraka kabla ya kufungua njia.

9 Machi: kuchanganya lami wenyewe, D na E

Hapa nakaa kidogo kwasababu naamini ndio njia ya mitaa yenye hela ndogo, na ndio yenye mitego mingi.

Emalsheni ni lami iliyosagwa ikachanganywa na maji, unaitumia bila moto kabisa. Ya kwanza tuliyoletewa na muuzaji ilikua K1-60, maana yake ina asilimia 60 ya lami na inakatika haraka (lami inajitenga na maji), inafaa kupaka na kupuliza. Tulipoiweka kwenye kokoto zenye vumbi ikakatika palepale kwenye sahani ya kuchanganyia, yaani lami ikajikusanya mabonge na vumbi, kokoto kubwa zikabaki tupu. Debe la kwanza lote tulimwaga. Tukajaribu kulowanisha kokoto kwanza, ikawa nafuu lakini bado mabonge. Kwa kuchanganya unahitaji K3, ile inayochelewa kukatika, na kuipata kwa madumu ya lita 20 ilibidi kuzunguka maduka, tukaipata kwa elfu 50 dumu. Ile K1 haikupotea, ndio tunayopaka kwenye kuta.

Kokoto tumechukua za Lugoba, ngumu, mchanganyiko wa ndogo za milimita 10 kushuka mpaka vumbi. Za Kunduchi ni rahisi na karibu, ila ni mawe ya matumbawe, laini na yanakunywa maji, tumeyaacha. Kipimo kilichotukubali: debe moja la lita 20 la kokoto, ambalo ni kama kilo 30, weka simenti mikono miwili, changanya kavu, nyunyiza maji mpaka zilowe bila kuchuruzika, alafu emalsheni lita mbili na nusu. Geuza kwa chepe mpaka kila kokoto imevaa. Simenti inasaidia lami ishike kwenye jiwe isibanduke maji yakija.

Usizidishe emalsheni ukidhani unaongeza nguvu. Tulijaribu lita tatu na nusu kwenye sehemu ndogo ya majaribio pembeni, baada ya siku kadhaa za jua lami ikapanda juu, ikang'aa, kidole kikazama. Kiraka cha namna hiyo gari likifunga breki kinasukumwa kama unga.

Kingine ni kwamba ukishachanganya usikimbilie kushindilia. Iache ile kahawia igeuke nyeusi na maji yaanze kutoka, kwetu ilikua kama saa moja ya jua. Tukijaza mapema mashine inakamua maji yanapanda juu na kiraka kinatetemeka ukikikanyaga. Tabaka zisizidi sentimita 4 au 5.

D na E tumezikata mraba sawa na C, mchanganyiko mmoja, siku moja, mikono ileile. Gharama ya vifaa kwa kila shimo ni kama elfu 20, emalsheni lita sita na nusu ndio inakula nyingi.

23 Machi: lami ya moto, F

Kiwanda hakiuzi kilo 80, wanataka uchukue tani kadhaa. Kilichotuokoa ni kwamba kulikua na eneo la ghala linawekwa lami upande wa huku, mwenye kazi akakubali tuongeze tani moja kwenye oda yake, tukalipa laki 3 kasoro. F haikula hata robo, iliyobaki tukafunika vishimo vidogo na kingo zilizolika.

Lami ya moto inatoka kiwandani ikiwa na nyuzi kama 150 za joto, na ikishuka chini ya 80 hivi huwezi tena kuishindilia hata ulete mashine gani. Tani moja kwenye kirikuu inapoa haraka kuliko lori zima, na foleni ya Dar mnaijua. Tulifunika na turubai mbili, ila tulipofika mabonge ya pembeni yalikua yameshaganda, tukayatupa tukatumia ya katikati tu. Ukingo wa mwisho wa F tuliujaza wakati lami imeshaanza kuwa ngumu, na ukiangalia kwa karibu unaona kokoto zimeachana, kuna vitundu. Nauandika hapa ili tuone masika itaufanya nini.

14 Aprili: masika imekolea

G kifusi kimekwisha. Chote. Shimo limerudi na limepanuka, na kile kifusi kimeenda kukaa ndani ya mtaro, kwahiyo sasa mtaro haupitishi maji na barabara inafurika upande wa D. Hiyo gharama ya kifusi watu huwa hawaihesabu.

A zege lenyewe ni zima kabisa ila pembeni yake kuna mstari mweusi wa ufa unaoingia ukucha. B kimezama kidogo katikati. C na E sijaona kasoro. D kinavimba na maji yanatoka kwenye kingo hata masaa mawili baada ya mvua kukatika.

6 Mei: baada ya kimbunga Hidaya

Kimbunga kimepita juzi upande wa Mafia, huku kwetu ilikua upepo na mvua mfululizo, na wa barabara ya Kusini wamekatikiwa kabisa kule Somanga, poleni sana ndugu zetu. Leo jua limetoka tukapita na kamba na rula. Unavuta kamba kutoka ukingo mpaka ukingo, unapima katikati kiraka kimeshuka kiasi gani.

C kimeshuka milimita 4. E milimita 6. F katikati milimita 2, hakuna kama hicho, ila ule ukingo uliojazwa ukiwa umepoa umemomonyoka upana wa vidole viwili. B milimita 15 na kinatuamisha maji. A hakijashuka hata kidogo, lakini lami iliyokizunguka imevunjika pande mbili, sasa kuna kisiwa cha zege na mfereji pembeni yake. Zege ni gumu halipindi, lami inapinda kila gari likipita, pale zinapokutana pakaachana na maji yakaingia.

D kimetoka. Vipande vizima vilivyoshikana vizuri vimeinuliwa na kuachia chini.

8 Juni: tumegundua siri ya D

D na E ni mchanganyiko uleule, kwahiyo lami haikua na kosa. Tulirudishia D mwishoni mwa Mei kwa kazi safi zaidi ya mwanzo, na bado kikalegea wakati mvua zimeshapungua. Ndio tukachimba. Tulitoa msingi kina cha mkono, tukaukausha kwa matambara, tukasubiri. Maji yakaanza kujaa taratibu kutoka upande wa nyumba, masafi kabisa, sio ya mtaro. Ni bomba la kuunganishia nyumba limepita chini ya ukingo wa barabara, kiungio chake kinavuja, hakuna mtu aliyejua kwasababu yalikua yanaishia ndani ya msingi.

Fundi bomba amebadilisha kiungio, elfu 25. Msingi tumeujaza upya kwa changarawe na simenti kidogo, tabaka kwa tabaka, tukauacha wazi ukauke wiki nzima alafu ndio lami. Wakati huohuo vijana wamezibua mtaro wote na kutoa kile kifusi cha G.

Ukikuta shimo lina unyevu wakati wa jua kali, acha lami, tafuta maji kwanza.

13 Julai: marekebisho na hesabu

A: tumekata lami iliyovunjika kuzunguka zege na kuijaza mchanganyiko wa emalsheni, ila nina wasiwasi na kiungo hicho, hatuweki zege tena katikati ya lami. F: ukingo umezibwa kwa emalsheni ya K1 na mchanga juu. B: tumeongeza nusu mfuko juu kupandisha usawa. G: tumekata mraba, msingi wa changarawe na simenti, juu mchanganyiko wetu.

Sasa hela, nikihesabu kila kitu mpaka leo, watu, mashine na marudio. Kifusi cha G kilianza elfu 35, ukiongeza kuzibua mtaro na kuziba upya ndio shimo ghali kuliko yote. A lilianza elfu 10 likafika karibu laki na nusu kwa ajili ya kurudia, mlinzi na matengenezo. B elfu 90 likawa laki na elfu 15 hivi. C kama laki na nusu ukigawa kodi ya mashine. E kama elfu 75, na halijaguswa tangu Machi. F ukitoa ile bahati ya ghala isingewezekana.

Kwa dharura katikati ya mvua bado ningetumia njia ya B, inaokoa shingo za watu wa bodaboda kwa nusu saa. Kwa kazi ya kiangazi ni E bila kusita, lakini mzibue mtaro kabla ya kununua dumu la kwanza.

21 Septemba: vipimo kabla ya vuli

Kamba na rula tena. C milimita 5, E 7, F 3, D mpya 4 na ni kikavu, G mpya 5. B imerudi 12. A mfereji wa upande wa kulia umeanza kufunguka tena kwa urefu wa kiganja.

Kazi iliyobaki kabla ya Oktoba ni kupaka emalsheni na mchanga kwenye kingo za viraka vyote, kuziba nyufa za upande wa juu ambazo bado hazijawa mashimo, na kuondoa kabisa zege la A. Dumu moja la K3 limebaki, lihifadhiwe kivulini na lizungushwe kila wiki, maana lami inatuama chini na ikiganda hairudi. Vipimo vya vuli nitaviandika Desemba.